Jiwe la Babu Blefsen

Cuanu alikuwa amelikumbatia jiwe kwa mikono na miguu, na shemeji yake Becan alikuwa akimvuta kwa mkanda. Mvua iliwanyeshea wote watatu, yaani wao wawili na jiwe.

"Shemeji, achia."

"Siachii. Mwamuzi akija, anikute na babu yangu."

"Huyo ni babu yangu mimi. Na unamvunja mbavu."

Jiwe lilikuwa refu kumpita mtu, nalo lilisimama peke yake katikati ya malisho mazuri kuliko yote katika bonde lile la Mumu, kusini mwa Ayalandi. Kwenye ukingo wake, kuanzia chini kwenda juu, ilichongwa mikato ya ogamu, maandishi ya watu wa zamani. Kila mtu alijua kwamba mawe ya namna hiyo huandikwa jina la marehemu mwenye ardhi, na kwamba mbele ya sheria jiwe ni shahidi. Jina likijulikana, wajukuu wa mwenye jina ndio wenye malisho. Shida ni kwamba bonde zima halikuwa na mtu wa kulisoma.

Koo za Cuanu na Becan zilifika pale baada ya tauni kuwafagia wenyeji, na kila ukoo ulidai kwamba wenyewe haukuhamia, ulirudi, na kila mwaka ulimwaga maziwa chini ya jiwe kumwombea babu. Sasa majira ya baridi yalikuwa yanabisha hodi. Atakayeshindwa angeondoa ng'ombe wake wiki hiyohiyo, na hakukuwa na pengine pa kuwapeleka.

Mwamuzi Ultan alifika adhuhuri juu ya farasi aliyechoka kuliko yeye. Alikuwa amesomea sheria miaka ishirini, na ogamu aliijua vizuri. Cuanu alimkaribisha kwa bakuli la uji wa shayiri. Becan akaleta paja la nguruwe. Mwamuzi alikula vyote bila kumtazama mtu usoni.

"Haya," akasema huku akijifuta siagi ndevuni. "Babu yako nani, Cuanu?"

"Fintan, bwana mwamuzi. Shujaa. Ukitazama chini kabisa kuna mkato mmoja. Huo ni upanga wake. Halafu miwili, ndiyo mikuki. Mitatu, wake zake."

"Na ile minne?" Becan akauliza. "Mama wakwe?"

"Wewe wasemaje, Becan?" mwamuzi akauliza.

"Babu yangu ni Conall. Mkato mmoja ni fahali. Miwili, ng'ombe wa maziwa. Mitatu, mitamba. Ukoo wetu ulikuwa na mali, bwana, sisi si watu wa kuhesabu wanawake."

"Dada yangu atazisikia habari hizo," Cuanu akasema.

Kando yao bibi mmoja alikuwa akichunga mbuzi wawili. Aliitwa Lasar, mjane aliyekuja mwaka huohuo kutoka ng'ambo ya mlima. Wiki ile Cuanu alikuwa amemfukuza mara tatu kwenye malisho, Becan mara nne. Hilo lilikuwa jambo pekee ambalo mashemeji hao waliwahi kukubaliana juu yake.

Mwamuzi alipiga magoti kwenye tope, akakwangua ukoga wa kijani kwa kucha, akaanza kusoma kwa kidole.

"Mkato mmoja, B. Miwili, L. Mitatu, F. Minne, S. Mitano, N."



"Blefsen," Becan akasema taratibu. "Ndiye. Babu Blefsen."

"Si ulisema Conall?" mwamuzi akauliza.

"Conall ni jina la utani. Nyumbani tulimwita Blefsen."

"Mwongo huyo," Cuanu akasema. "Blefsen ni wetu. Mimi mwenyewe nilikaribia kuitwa Blefsen. Mama ndiye aliyekataa."

 Kidole cha mwamuzi kiliendelea kupanda, na kadiri kilivyopanda ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Alipofika mwisho alirudi chini, akasoma tena. Kisha akakaa palepale kwenye tope na kucheka mpaka farasi akageuka kumtazama.

"Hakuna Blefsen," akasema alipopata pumzi. "Hizi ni herufi zenyewe, kwa mpangilio wake, ya kwanza hadi ya mwisho. Ndivyo anavyoandikishwa mtu anayejifunza. Hapa hakuzikwa mtu. Mmekuwa mkimwaga maziwa kila mwaka kuliombea daftari."

Cuanu aliteleza taratibu akakaa chini. Becan akamshika bega, naye hakumtoa mkono.

"Basi malisho ni ya nani?" Becan akauliza.

"Jiwe halisemi. Lisiposema, ardhi ni ya mfalme."

"Ile herufi ya saba nilikosea," Lasar akasema.

Wote watatu wakageuka.

"Ilitakiwa mikato miwili, nikachonga mitatu. Nikaambiwa niusugue ule wa ziada mpaka upotee. Nilisugua siku nzima nikilia, na haukupotea wote."

Mwamuzi akainama tena. Akahesabu hadi ya saba, akakwangua ukoga, akapitisha kidole hapo mara mbili. Alipoinuka, kicheko kilikuwa kimemwisha, na sauti yake ilikuwa ya adabu.

"Bibi, ni nani aliyekuwa akikufundisha hapa?"

"Baba, kabla ya tauni. Tulikuwa hatutoki nje ya shamba letu," Lasar akasema, akimfukuza mbuzi wake kwenye bakuli la uji. "Na baba hakuwa na mtoto mwingine."