Kadi ya Kuvunja Vyungu

Kwenye duka la kompyuta Kyela mjini, muuzaji alivunja chungu kwenye skrini mara mbili. Kwa kadi ya michoro ya Nvidia, vigae viliruka huku na huku. Kwa ya AMD, vumbi lilitua taratibu.

"Ipi inafaa gemu unayotengeneza, dada?"

Nilimtazama mama, mwenye hela. Udongo wa kufinyangia wa kijijini kwetu Ikombe ulikuwa umekauka kwenye kucha zake.

"Tuntufye, yaani mimi nifinyange vyungu, nikununulie mashine ya kuvivunjia?"

"Mama, wachezaji wanapenda kuvunja."

Muuzaji alicheka. Mama hakucheka.

"Chukua yoyote. Lakini humo ndani ya gemu yako, anayetaka kuvunja chungu akifinyange kwanza, akianike, akichome. Halafu tuone kama atakivunja."