Saini ya Onolina

Siku za upepo mkali, kampuni ilizima laini zote za umeme zinazopita kwenye misonobari. Nyumba yenye mgonjwa anayetegemea mashine iliweza kuachiwa umeme, mradi majirani wote walio chini ya nyaya wasaini kwamba moto ukizuka, kampuni haitawajibika.

Mumewe Blandina, Atilio, alipumua kwa mashine ya oksijeni. Betri yake ilidumu saa nne, na upepo ulitangazwa wa siku tatu. Blandina alikwisha kupata saini nane. Ilibaki ya Onolina, aliyefiwa na binti katika moto wa mwaka juzi.

Onolina hakuisoma karatasi. "Shemeji anaendeleaje?"

"Yupo, dada."

Akasaini. Kisha akawaita watoto wake wawili waliobaki, akawavalisha viatu, akaanza kutoa magodoro nje.

"Tutalala kwenye shamba la viazi," alisema bila kumtazama. "Kule hakuna miti. Nenda, usimwache peke yake."

Nyumbani, Atilio alikuwa ameketi kitandani. "Wamesaini wote?"

Blandina aliikunja karatasi, akaifutika kiunoni. "Onolina amekataa."

"Usije ukamnunia," alisema Atilio. "Ningekuwa yeye, nami ningekataa. Njoo ukae hapa."

Alikaa, akamshika mkono. Saa nane mchana friji ilinyamaza jikoni, na taa ya mashine ikabadilika kutoka kijani kuwa njano, ya betri.