Vema Mbili kwenye Karatasi Moja

Wazazi wenzangu, msiache siasa iwaingilie nyumbani kama ilivyotuingilia sisi. Mume wangu na binti yetu walikuwa hawasemeshani wiki ya pili, kila mmoja na mgombea urais wake.

Akaja dada mtafiti wa maoni ya wapiga kura na karatasi: weka alama ya vema kwa kila mgombea unayeweza kumkubali.

"Nikiweka wawili kura haiharibiki, mwanangu?" nikamuuliza.

"Hapa tunapima tu, mama. Weka hata wote."

Tulijaza sote watatu, nami nikakusanya karatasi za mume wangu na binti. Kila mmoja alimwekea vema mtu wake, kisha na mtu wa mwenzake, vema ndogo ya kuona haya. Nikazisoma kwa sauti.

"Baba, kumbe wangu unamkubali?"

"Wewe uliniuliza yupi bora tu."

Binti akavuta kiti, akakaa karibu naye.