Eee ya Adabu

Kwenye boma la Wajerumani, mkalimani alifasiri huku akitazama inzi kwenye kidonda cha mguu wa mzee Matonya.

"Bwana mkubwa anasema ulificha bunduki za waasi."

"Eee," mzee akaitikia. Kwa Wagogo, mtu akisema humwachi aongee peke yake.

"Mwenye kosa hilo hunyongwa."

"Eee."

Mjerumani akainua kalamu. "Amekiri?"

Mkalimani alijua kuwa eee ile maana yake ni nasikia tu. Lakini juzi alimsahihisha bwana, na vidonda vya viboko alivyochapwa havijakauka mgongoni. Inzi akahamia kidole cha mguu wa mzee.

"Amekiri, bwana."

Matonya akamgeukia. "Mwanangu, kasemaje?"

"Kasema umekubali."

"Eee," akaitikia mzee.