Stenti Tatu za Ambakisye

Mume wangu Ambakisye alifariki Jumanne, na jioni hospitali ilituletea stenti zake tatu, vile vibomba vya wavu vinavyoshikilia mishipa ya moyo ibaki wazi. Kisheria ni urithi wa familia, kama shamba. Mimi nilikuwa na mishipa mitatu iliyoziba. Wifi yangu Tusekile, mmoja.

“Nipe moja, wifi. Ni kaka yangu!”

“Kifaa cha kuziweka alikibuni yeye mwenyewe. Huziingiza zote tatu kwa mkupuo mmoja, hakijui kugawa.”

“Hata kifaa chake kichoyo!” Tusekile alicheka huku akifuta machozi, kisha akatia saini hati ya kuniachia urithi. “Chukua zote. Mimi nitasubiri za mama.”

Mama mkwe alikuwa palepale akimenya ndizi. “Subiri tu, mwanangu,” alisema, “ila usinihesabie siku.”

Sasa napanda kilima cha kwetu bila kupumzika, na usingizi wangu ni mzuri. Stenti bado zimesajiliwa kwa jina la Ambakisye. Kila Jumatatu kliniki hupiga simu kumuulizia hali, nami hujibu kwamba hajambo.