Tone la Rangi ya Kucha

Mshonaji alimwaga saa arobaini na moja za mumewe juu ya meza ya fundi wa saa, mbele ya wateja, bila hata salamu.

"Mwizi mkubwa wewe! Kila mwaka nashona mpaka macho yanatoa machozi, nilipie usafi wa hizi takataka. Kumbe hujafungua hata moja!"

Akaigeuza moja. Mwaka jana, kabla mumewe hajaondoka nazo akisema anazipeleka kwa fundi, yeye mwenyewe alikuwa amedondosha rangi ya kucha pale kifuniko cha nyuma kinapokutana na saa. Tone jekundu lilikuwa zima, halina hata ufa. Akageuza ya pili, ya tatu. Yale yale.

Fundi alibandika lenzi jichoni, akatazama, akaibandua.

"Mama, usinitukane bure. Mumeo hajaniletea saa mwaka wa nne huu. Alisema gharama zimemshinda."

Mshonaji akatoa simu, akampigia mumewe, akaiweka mezani sauti ikiwa juu.

"Niko huku karibu na fundi wa saa," alisema kwa upole. "Nipite nimlipe ya mwaka huu?"

"Aa, usijisumbue, mke wangu," mume alijibu haraka. "Yule mtu ana kisirani, atakutoza mara mbili. Nipe mimi hizo pesa, kesho nampelekea."

Fundi akamsogezea kiti. Mshonaji hakukaa.

"Fundi," alisema, simu ikiwa bado hewani, "hizi zote ukizinunua kwa jumla, unanipa ngapi?"