Memori Iliyoingia

Memori mbili zilikataa kuingia kwenye laptopu. Ya tatu ilikaa sawasawa, fundi akasikia inabana.

"Hii ndiyo yake, mama. Ile ya zamani ilikuwa inaipa mwendo wa kinyonga."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akitazama herufi A kwenye kibodi, iliyofutika kwa kucha za binti yake.

Fundi akaiwasha. Picha ya uso wa binti ikatokea kwenye kioo, anacheka, ikapotea kabla mama hajavaa miwani.

"Umeona? Kufumba na kufumbua."

Tangu mazishi, kila asubuhi, laptopu ikijikokota kuwaka, uso ule ulikuwa ukikaa pale mpaka chai inapoa.

Mama aliiokota memori ya zamani mezani, akaipangusa kwa kanga.

"Nirudishie hii humo ndani, mwanangu."